Mchezo Kwenye Propela

Sauti ilikuwa moja tu, ko!, na ilitoka kila Dereva alipoachia klachi. Haikuwa kubwa. Mtu mwenye haraka zake angedhani ni debe limedondoka kwa jirani. Lakini Ijumaa ile, kwenye mwinuko wa mwisho kabla ya zahanati ya juu, Sista aliyekaa kiti cha mbele akiwa amepakata sanduku la chanjo aligeuka akamkazia macho.

"Dereva, gari lako linabisha hodi."

"Ni mawe ya barabarani hayo, Sista."

"Mawe hayangoji mtu abadilishe gia." Sista alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache aliyapima kama dawa. "Jumatatu tunaandikiana mkataba wa mwaka mzima. Kule juu hakuna wa kunisukuma, na watoto wanaongoja sindano hawajui habari za magari mabovu. Jumatatu likibisha, namchukua yule mwenye gari la kijani. Usije ukasema sikukwambia."

Dereva akasema amesikia. Alisikia kweli, maana yule mwenye gari la kijani alikuwa na tabia ya kuja kuegesha nje ya lango la zahanati ya chini kila Jumatatu, gari limeoshwa mpaka matairi, naye ameliegemea akichokonoa meno kama mtu aliyekwisha kuitwa. Gari la Dereva lilikuwa kuukuu, la kuvuta magurudumu yote manne, limepigwa viraka kila upande. Ndilo lililolipa ada za watoto wawili waliokuwa shule ya bweni. Kwa kazi ya siku moja moja nyumba yake ilikuwa ikienda kwa kuchechemea. Kwa mkataba, ingetembea.

* * *

Jumamosi asubuhi alilala chali chini ya gari, uani kwake. Ua ulikuwa na mteremko kuelekea mlango wa jikoni, na pale mlangoni mama yake mzazi alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua mboga. Kwa hiyo Dereva alifanya kama alivyofanya siku zote: gia imeingizwa, breki ya mkono imevutwa mpaka mwisho. Hakutaka kumzika mama yake kwa gari lake mwenyewe.

Kwa muda wa wiki mbili alikuwa amebadilisha oili ya difu, lile boksi la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, amekaza bolti za mauntingi ya enjini, ametia bushi mpya kwenye springi. Ko ikabaki ko. Sasa alikuwa akitafuta mchezo, maana fundi yeyote atakwambia kwamba chuma hakigongi bila mchezo: mahali fulani vitu viwili vilivyopaswa kushikana vimelegea, kimoja kinatangulia, cha pili kinafuata kwa kishindo. Alishika propela, lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu nyuma kutoka giaboksi, akalitikisa kwa mikono miwili. Halikucheza hata kidogo.

"Mama watoto! Hebu panda uwashe. Ingiza ya kwanza, achia kidogo tu."

Mkewe aliacha cherehani barazani, akapanda huku futi kamba yake bado inaning'inia shingoni. Dereva alisogea pembeni, sikio ardhini.

Ko!

"Sasa rivasi."

Ko!

"Ni difu," alisema Dereva. "Nilijua."

"Mbona mimi naisikia hapa hapa chini ya miguu yangu? Huko nyuma kimya."

"Wewe shona nguo."

"Si ndiyo nashona. Na cherehani ikilegea nakwambia imelegea wapi kabla sijaifungua."

"Difu si cherehani, mama watoto."

"Na mimi sikuitaja difu, baba watoto. Umeitaja wewe."

Pale mlangoni mama alicheka peke yake bila kuinua macho kwenye mboga. Dereva akamwambia mkewe azime. Alipotoka chini ya gari, mgongo umejaa vumbi, alimkuta anajifunga kitambaa kichwani, kile cha maua madogo, na ovaroli nne za buluu zimekunjwa mkononi mwake, zimepigwa pasi mpaka zina makali.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Fundi Taratibu. Hizi nne za vijana wake tayari, bado mbili. Nikifika nampimia ya mwisho."

"Nani huyo wa mwisho?"

"Yeye mwenyewe."

"Si ulimshonea mwaka jana? Vipimo umevipeleka wapi?"

"Amenenepa."

"Umejuaje kama amenenepa?"

"Macho ninayo."

"Na kiuno unampima wewe?"

"Sasa, baba watoto, utepe utajipima wenyewe?"

Alisema hivyo kwa utani, akatoka. Dereva alibaki akitazama shati lake mwenyewe. Halikuwa limepigwa pasi. Ni kweli alikuwa amelivaa kwa ajili ya kulala chini ya gari, lakini wakati ule hilo hakulikumbuka.

Huyo Fundi Taratibu alikuwa na gereji mtaa wa tatu, chini ya mabati. Jina lilitokana na neno lake. Mteja akija amefura, yeye humwambia "taratibu", bolti ikigoma, huiambia "taratibu." Hata posa kwa mwanamke huyu, kabla hajawa mke wa Dereva, aliipeleka hivyo hivyo, taratibu. Alituma salamu kwanza, akangoja, akatuma tena, akangoja. Dereva alifika na gari na haraka zake akamaliza shughuli yote kwa mwezi mmoja. Watu walimsifu. Lakini kwa miaka kumi na mitano sasa, kila mkewe alipocheka kwa sauti barazani, Dereva alijiuliza kama alichaguliwa au aliwahi tu.

* * *

Ilipopita saa nzima mke hajarudi, Dereva aligundua kwamba grisi imemwishia. Ilikuwa haijamwishia, ilikuwa imebaki nusu kopo. Na duka la grisi lilikuwa na njia mbili, moja fupi na moja inayopita nyuma ya gereji ya Fundi Taratibu. Akashika ile ndefu.

Uzio wa gereji ulikuwa wa mabati ya zamani yenye matundu ya misumari. Dereva hakuwa mtu wa kuchungulia. Hivyo ndivyo alivyojiambia huku akiinama kufunga kamba ya kiatu, akachagua tundu.

Alimwona mkewe kwa mgongo, kitambaa cha maua madogo. Kati yake na uzio kulikuwa na lori bovu, hivyo kuanzia kiunoni kushuka hakuona kitu. Fundi Taratibu alikuwa amesimama karibu naye, karibu kupita kiasi, ovaroli ya mwaka jana mwilini.

"Weka mkono hapa," alikuwa akisema kwa ile sauti yake ya kubembeleza vyuma. "Na mwingine hapa. Usishike kwa nguvu. Umeona?"

"Nimeona. Kumbe mchezo upo!"

"Upo. Ni mdogo, lakini ukiuacha hivi hivi utakua. Halafu siku moja utawaaibisha mbele za watu."

"Na yeye anasema haupo."

"Hawezi kuusikia, kwa jinsi anavyobana."

"Basi asijue kama nimekuja kukuuliza wewe. Atang'aka."

"Hatajua kwangu."

Na kwa macho yake mawili Dereva aliona Fundi Taratibu anaushika mkono wa mkewe, anaugeuza, kisha anauachia.

Hakununua grisi. Alirudi kwa njia fupi, karibu akimbie, na njiani lile neno lilimzunguka kichwani: mchezo upo, mchezo upo. Alikuwa amelitumia yeye mwenyewe tangu asubuhi, mara ishirini, kwa maana yake ya chuma na grisi. Lakini lilipotoka kinywani mwa mkewe, akiwa na mwanamume mwingine, likawa neno jingine kabisa.

* * *

Mkewe aliporudi alimkuta amesimama katikati ya ua, mikono kiunoni. Mama alikuwa bado pale mlangoni, mboga zimeiva jikoni, sasa anajichanua nywele.

"Umempima?"

"Nimempima."

"Kiuno?"

"Kiuno, kifua, na urefu wa miguu. Kuna nini, baba watoto?"

"Na mchezo je?"

Mkewe alimtazama bila kuelewa. "Mchezo gani?"

"Usinifanye mjinga! Nimepita pale, nimesikia kwa masikio yangu haya. Mchezo upo, ni mdogo, asijue. Nimemwona anakushika mkono. Mama, sikia mwenyewe! Nalala chini ya gari nitafute chakula cha nyumba hii, na mke wangu ana mchezo na fundi mtaa wa tatu!"

Mama aliacha kuchana. Kwanza mkewe alicheka, kicheko kilichomtoka kabla hajakizuia. Halafu akamwangalia mumewe usoni, akaona kwamba hatanii, na kicheko kikakatika. Alimtazama mama mkwe, akamtazama tena mumewe. Macho yalimjaa maji lakini hayakushuka.

"Mbele ya mama," alisema polepole. "Umenisema hivyo mbele ya mama."

"Jibu kwanza!"

Mkewe aliingia ndani, akatoka amevaa ovaroli ya tano, ambayo bado haikuwa na mikono, nyuzi zinaning'inia mabegani. Aliokota jiwe kubwa kwenye ukingo wa bustani akaliweka mbele ya gurudumu, akaokota jingine, akazunguka na la tatu na la nne mpaka magurudumu yote yakabanwa.

"Toa gia," alimwambia.

"Nini?"

"Toa gia. Achia na breki ya mkono."

"Pana mteremko hapa, mama yupo mlangoni!"

"Mimi naondoka," alisema mama, akabeba kigoda chake na kitana. "Toa hiyo gia, mwanangu, tuone tunachoonyeshwa."

Dereva akapanda, akatoa gia, akaachia breki. Gari lilijivuta kidogo, likaegemea mawe, likatulia. Mkewe alikwisha kuingia chini. Kisha, bila enjini kuwashwa, bila klachi kuguswa, ikasikika chini ya sakafu, ndogo na kavu:

Ko.

Dereva alishuka asiamini. Ko, ikasema tena.

"Njoo ushike."

Alilala ubavuni mwake. Mkewe alikuwa ameishika propela mahali inapoungana na giaboksi, kwenye krosi, kile kiungo chenye umbo la msalaba kinachoiruhusu propela kujikunja gari linapopanda na kushuka. Mkono mmoja upande huu wa msalaba, mkono wa pili upande ule, akazungusha huku na kule. Ko, ko. Dereva akaweka mikono yake. Hakuhitaji nguvu. Mchezo ulikuwepo, mwembamba kama ukucha.

"Nilishika hapa hapa asubuhi," alisema. "Haikucheza."

"Ulishika ukiwa umeiingiza gia na kufunga breki. Umeibana huku na huku, itachezaje? Ikibanwa inaficha." Alikuwa anaiambia ile krosi, hakumtazama. "Nilimwuliza Fundi, akanionyesha kwenye propela ya lori pale mezani kwake namna ya kushika. Nikasema usijue kwa sababu ukisikia jina lake unavimba, na Jumatatu imefika. Haya. Huu ndio mchezo wangu na Fundi Taratibu."

Akatoka chini ya gari. Dereva alibaki amelala pale, mkono juu ya chuma, akisikia nyayo za mkewe zikienda ndani, na mlango wa chumba ukifungwa bila kubamizwa. Angebamiza, ingekuwa nafuu.

* * *

Jumapili alikwenda kusali, maana hakuwa na pengine pa kwenda. Alipiga magoti, akaanza kumwomba Mungu msamaha, na kabla hajafika mbali akajikuta anamwuliza Mungu: lakini kwa nini alimshika mkono? Akaanza upya. Mara ya pili alifika mpaka kwenye neno "nimekosa", na hapo akaona tena kitambaa cha maua madogo na ule mkono unaogeuzwa. Wivu ni mgeni asiyejua kuaga. Amekwisha kuonyeshwa kwamba hana haki ya kukaa, na bado anauliza kama chai iko tayari. Dereva aliondoka magotini sala yake ikiwa nusu.

Nyumbani alianza kufungua propela. Alipokuwa ameshika spana kwenye bolti ya kwanza, miguu ya mkewe ilisimama pembeni ya gari. Akainama, mkono mmoja ukaingia na chaki yake ya kuchorea nguo, ukachora mstari mweupe uliovuka vyuma viwili, cha propela na cha giaboksi.

"Irudi kama ilivyokuwa," alisema. "Ukiirudisha upande itatetemeka." Akaondoka.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu jana, na aliiambia propela.

Alipoitoa krosi na kugonga vikombe vyake vinne vidogo vya chuma, vitatu vilikuwa na grisi. Cha nne kilikuwa kikavu, na ndani yake visindano vya bering vilikuwa vimesagika vikawa unga mwekundu kama ugoro. Ugonjwa ulikuwa pale, kwenye kikombe kisichozidi kizibo cha chupa. Alihitaji krosi mpya. Ilikuwa Jumapili na maduka yote yamefungwa. Krosi ya gari la zamani kama lile, siku kama ile, ilikuwa mahali pamoja tu, na Dereva alipajua vizuri hata kabla hajamaliza kunawa mikono.

Fundi Taratibu alikuwa ameketi nje ya gereji kwa nguo za ibada, anasoma gazeti la juzi. Aliipokea krosi mbovu, akaizungusha kwenye mwanga.

"Pole," alisema. "Hii imeteseka muda mrefu."

"Unayo mpya?"

"Ninayo."

Alikwenda kuitafuta, taratibu, akafungua sanduku la kwanza, la pili, la tatu. Dereva alisimama akimngoja kama mtoto aliyetumwa chumvi. Fundi alirudi na kiboksi, akalinganisha mpya na ya zamani, akataja bei, akalipwa, akarudisha chenji. Dereva hakuondoka.

"Jana ulimshika mkono mke wangu."

Fundi Taratibu alikunja gazeti mara mbili.

"Nilimshika. Nilikuwa namwonyesha jinsi ya kuzungusha."

"Basi ni hivyo tu?"

"Ungeishia hapo ningenyamaza," alisema Fundi. "Lakini nimetoka kusali sasa hivi, na unaniuliza. Nilimshika kwa kumwonyesha. Halafu niliona nimeushika kidogo zaidi ya propela ilivyohitaji, nikauachia. Yeye hakujua chochote. Alikuwa anasikiliza krosi."

Tangu jana Dereva alikuwa akitaka mtu amwambie kwamba hakuota, na sasa ameambiwa, na hakujua alifanyie nini jambo lenyewe. Alimwona mbele yake mwanamume aliyenenepa, mvi kwenye ndevu, aliyeketi peke yake siku ya mapumziko nje ya gereji yake. Mkononi mwake mwenyewe alikuwa na krosi, na bila krosi ile hakuna Jumatatu.

"Kwa nini uniambie?"

"Ili hasira yako uiweke mahali pake. Mwenye kosa ni mimi, na ni la muda wa kupepesa macho. Yeye hana. Ovaroli ya mwisho atampa kijana yeyote ailete, kama unapenda hivyo."

Dereva hakusema kwamba anapenda. Hakusema pia kwamba hapendi. Aliaga kwa kichwa.

* * *

Krosi mpya ilimpiga chenga. Vikombe vitatu viliingia vizuri, cha nne kikafika nusu na kugoma. Aligonga kwa nyundo, kikagoma. Alikuwa ameinua nyundo mara nyingine kwa hasira za watu watatu aliposikia nyuma yake:

"Usipige. Kuna sindano imelala."

Mkewe alichuchumaa, akakitoa kile kikombe. Kweli, kimoja cha visindano, chembamba kuliko sindano ya kushonea, kilikuwa kimeanguka kikalala chini kabisa. Dereva angegonga mara moja zaidi angekivunja, na krosi ikawa kazi bure. Mkewe alikifuta kwenye ovaroli, akachota grisi kwa ncha ya kidole, akakisimamisha ukutani mwa kikombe pamoja na vingine, kimoja kimoja, vikashikana kwa grisi kama watu waliopanga mstari. Dereva alivitazama vidole vyake, akafikiri kwamba kwa miaka kumi na mitano alikuwa akivilinda kama mali, na leo ndiyo kwanza anaviona vikifanya kazi.

"Mama watoto..."

"Klipsi."

Akampa klipsi ya kuzuia kikombe kisitoke.

"Nilitaka kusema..."

"Spana ya kumi na nne."

Akampa. Waliinua propela pamoja, wakakutanisha mstari wa chaki, wakakaza bolti nne kwa zamu. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama Dereva aliwasha gari, akaingiza ya kwanza, akaachia klachi. Gari likaondoka. Rivasi. Likarudi. Hapakusikika kitu ila mama, aliyesema kutoka jikoni:

"Mbona mmeacha kulijaribu?"

"Tunalijaribu, mama!"

"Aa. Basi limepona."

Mkewe alikuwa amekwisha kwenda kunawa.

* * *

Jumatatu yule mwenye gari la kijani alikuwa langoni kama kawaida yake. Sista alipanda kwa Dereva na sanduku lake la chanjo, akasema, "Nipeleke kwenye mwinuko." Walipanda, wakasimama katikati ya mlima, wakaondoka tena, wakarudi kinyumenyume, wakaondoka. Sista alikuwa ameinamisha kichwa kama anayepima mapigo ya moyo ya mtoto. Waliporudi chini akatoa fomu kwenye mkoba.

"Linafaa. Jaza hapa, hapa, na hapa. Hapa weka jina la fundi aliyelitengeneza, na sahihi yake. Ofisini wanataka kujua nani wa kumwuliza likiharibika."

Dereva alijaza kwa haraka mpaka alipofika kwenye mstari ule. Kalamu ikasimama. Angeweza kuandika jina lake mwenyewe. Nani angejua? Angeweza kuandika la Fundi Taratibu, ambaye ofisi nzima ilimjua na kumwamini, na mambo yakaisha bila maswali. Yule wa gari la kijani alikuwa amesogea, anasoma begani mwake bila aibu. Dereva akaandika jina la mkewe, na baada yake la baba wa mkewe. Lake mwenyewe hakulitia.

Sista akasoma. "Huyu ni mwanamke."

"Ndiyo, Sista."

"Mkeo anatengeneza magari?" aliuliza wa gari la kijani, akacheka. "Na wewe unapika?"

"Mimi nilikuwa nashika taa," alisema Dereva.

"Sikuuliza utani," alisema Sista. "Yuko wapi atie sahihi? Chanjo hizi zina saa zake."

Kwa hiyo walikwenda nyumbani, Sista kiti cha mbele, dirisha wazi. Mkewe alikuwa barazani kwenye cherehani, ovaroli ya sita chini ya sindano. Dereva alimwekea fomu mbele yake. Aliisoma yote, kuanzia juu, kidole kikifuata maneno. Alipofika kwenye jina lake kidole kilisimama.

"Umeniandika."

"Wewe ndiye fundi."

"Sahihi nitaweka," alisema. "Lakini mwite mama kwanza."

Dereva alitazama gari. Sista alikuwa anawatazama, mkono juu ya sanduku. Angesema ana haraka, na ingekuwa kweli. Akamwita mama. Mama akaja na kigoda chake, akaketi, akakunja mikono.

"Mama," alisema Dereva kwa sauti ya chini, "lile neno nililosema juzi kuhusu mke wangu, halikuwa kweli. Nimekosa."

Mama huyo aliweza kusikia paka wa jirani akifunua sufuria. Lakini aliweka kiganja nyuma ya sikio.

"Sema vizuri, mwanangu. Juzi ulisema nikasikia mpaka jikoni. Leo sisikii."

"Nilimsingizia mke wangu!" alisema, na sasa hata jirani aliyekuwa akianika nguo alisimama na shati mkononi. "Nilisema ana mchezo na mtu. Hana! Mwenye kosa ni mimi, na naomba msamaha mbele yako na mbele yake!"

"Sasa nimesikia," alisema mama. Akamgeukia mkwewe. "Na wewe, mwanangu, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Alichukua kalamu, akaweka sahihi, herufi zote, bila haraka. Akampa fomu. Halafu akairudisha ovaroli chini ya sindano na kusema kama anayezungumza na kitambaa:

"Hii naimaliza leo. Kesho nampelekea Fundi mwenyewe aijaribu, kama kuna pa kurekebisha nirekebishe."

Dereva alihisi kitu kinaamka ndani yake, kile kile, hakikuwa kimekufa wala hakikuwa kimelala sana. Neno "nitakupeleka" lilifika mpaka kwenye meno. Aliona mkewe amesimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, anangoja, hamtazami.

"Haya," alisema. "Nenda."

Gurudumu likaanza kuzunguka.

"Dereva!" aliita Sista. "Barafu ya chanjo inayeyuka!"